Tulipeleka jeshi Kongo mara mbili. Mara ya kwanza tulishinda, ya pili tukarudi tukipitia Rwanda. Je, tupeleke tena?

Mwanaziwa, Kigoma

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Nimeamua uende hewani leo kwa sababu kila nikiingia humu nakuta watu wanagombana kwa maneno mawili tu, "tupeleke jeshi" na "hayatuhusu", na mimi nina mtu wangu ndani ya jambo hili.

Mdogo wangu ni askari. Mwaka 2013 alikwenda Kongo na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa. Alirudi amekonda, lakini alikuwa na hadithi za kusimulia mpaka usiku wa manane. Mwaka 2024 akaenda tena, safari hii chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Wale wa safari ya pili mnajua walivyotoka: kwa barabara kutoka Goma, wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wakapita mpaka Chato. Walipitishwa katika nchi ambayo ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema ilikuwa na maelfu ya askari wake upande wa pili wa mapigano. Alipofika nyumbani mama alimpikia ugali na migebuka, akamuuliza, "Mwanangu, kazi mmemaliza?" Akanawa mikono, akasema, "Mama, tule kwanza." Mpaka leo hajajibu.

Basi swali langu kwenu: ni haki kwa nchi za nje kuingiza majeshi mashariki mwa Kongo? Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ndiyo, ni haki, na kuna wakati ni wajibu. Lakini mtu akipeleka askari halafu akaogopa kumtaja anayechochea moto, huyo amewatoa vijana wa watu kafara.

Tuanze na 2013, maana wengi humu wanaikumbuka kwa picha za helikopta tu.

Novemba 20, 2012 waasi wa M23 waliingia Goma. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa mjini na silaha zao, wakawatazama wakipita. Aibu ile ndiyo iliyozaa azimio 2098 la Machi 28, 2013, ambalo kwa mara ya kwanza liliruhusu kikosi cha Umoja wa Mataifa kumfuata mwasi na kumshambulia badala ya kumsubiri apige kwanza. Walikuwa askari 3,069 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa brigedi alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwisho wa Agosti wakishirikiana na jeshi la Kongo wakawasukuma M23 kutoka vilima vya Kibati, pale juu ya Goma. Hapo tulipoteza ofisa wetu kwa kombora. Oktoba ilipokuwa inaisha Kibumba ikaanguka, Kiwanja ikafuata (hapo tena tukazika luteni), kisha Rumangabo na Bunagana, yote ndani ya wiki moja hivi. Novemba 5 M23 wakatangaza kwamba wanaweka silaha chini.

Sasa kuna jambo ambalo watu hulisahau. Kabla ya risasi ya kwanza ya brigedi ile, wafadhili wa Rwanda walikuwa wamekwisha kubana mifuko. Mwaka 2012 Marekani, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na wengine walizuia sehemu ya misaada yao baada ya ripoti ya wataalamu kueleza nani anawasaidia M23. Februari 24, 2013 nchi 11 zikatia saini mkataba wa Addis Ababa wa kutosaidia waasi wa jirani. Kwa hiyo Oktoba M23 walipozidiwa kule Kibumba, msaada waliouzoea haukuja kama mwaka uliotangulia. Vijana wetu walipigana na M23 peke yake. Hiyo ndiyo siri ya ushindi ule, na siisemi kupunguza ushujaa wa mtu. Mdogo wangu mwenyewe husema hivyo.

Kilichofuata baada ya ushindi ndicho kinachoniuma. Desemba 2013 yakatiwa saini matamko ya Nairobi: msamaha kwa wasio na makosa makubwa, wapiganaji warudishwe uraiani, wakimbizi warejee makwao. Zaidi ya wapiganaji elfu moja walikuwa kambini Uganda wakisubiri. Wakasubiri mwaka, wakasubiri miwili, utekelezaji ukawa wa kusuasua. Kufikia mwanzoni mwa 2017 kamanda wa M23, Sultani Makenga, alikuwa amekwisha kutoroka, amerudi na watu wake kwenye milima ya Virunga. Hakuna aliyeshtuka. Novemba 2021 wakaanza kupiga upya, Juni 2022 wakaichukua Bunagana, mji uleule ambao miaka tisa nyuma damu ya watu ilimwagika kuukomboa.

Halafu SADC. Kikosi kilichoanza kupelekwa Desemba 2023 kiliahidiwa kuwa na askari 5,000 hivi, hakikufika hata nusu. Adui wa safari hii alikuwa na mizinga ya masafa marefu na makombora ya kudungulia ndege, sisi anga tukaikosa. Aprili 2024 kombora likaua askari watatu wa Tanzania. Januari 2025, katika siku chache za mwisho kabla na baada ya Goma kuanguka tarehe 27, Afrika Kusini ikapoteza 14, Malawi 3, sisi 2. Machi 13 wakuu wa SADC wakafunga kazi.

Katikati ya hayo, Februari 8, marais wa EAC (jumuiya yetu ya Afrika Mashariki) na SADC walikutana Dar es Salaam. Nilikesha kusubiri tamko. Likataka mapigano yasimame, likagusia makundi ya kigeni yenye silaha yasiyoalikwa, jina la nchi halikutajwa. Wiki mbili baadaye, Februari 21, Baraza la Usalama kule New York likapitisha azimio 2773 kwa kauli moja na likaitaja Rwanda kwa jina, iondoe askari wake. Fikirini jambo hilo. Watu wa mbali ambao hawakuzika mtu walitaja. Sisi tuliokuwa na majeneza uwanja wa ndege tulitafuta maneno laini.

Kuna mwalimu wangu mmoja wa zamani aliniambia huo ndio ustaarabu wa ujirani, mwenye nyumba hutaji mwizi mbele ya wageni. Nikamjibu kwamba basi usimtume mtoto wako usiku kwenda kumkamata.

Karibuni. Matusi ya kikabila sitayajibu.

Kambi ya Popote

Nimekaa hapa. Nawasubiri wa Goma wenyewe waongee, maana mara nyingi tunawajadili kama hawapo.

Kyaka 78

Mwanaziwa, mdogo wangu, umeandika vizuri. Mimi ni mtu wa Kagera, ruhusu nikurudishe nyuma kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja Idi Amin wa Uganda alipoingia kwetu, mwisho wa Oktoba 1978. Tulivuka mto na ng'ombe wawili na godoro. Tuliobahatika tulivuka kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Waliobaki ng'ambo, wengi sikuwaona tena. Novemba 2 tukiwa chini ya mti, kwenye redio ya mtu, nikamsikia Mwalimu Nyerere akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wazima walilia. Hakuna mtu wa kuniambia mimi kwamba vita ile haikuwa ya haki.

Lakini angalieni ilivyoendelea. Kumtoa Amin Kagera ilikuwa kujilinda, hilo halina mjadala. Kuvuka Mutukula na kwenda mpaka Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979, lilikuwa jambo jingine. Kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, kule Monrovia Julai ile, wapo marais waliomlaumu Mwalimu kwa kuangusha serikali ya nchi nyingine. Mimi nadhani alikuwa sahihi kwenda. Amin angerudi tu.

Tatizo ni kwamba jeshi letu lilijua namna ya kufika Kampala, halikujua nini kinafuata. Rais mpya, Lule, alikaa siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba ukafanyika uchaguzi, Obote akatangazwa, Museveni akakataa matokeo, na Februari 1981 akaingia msituni. Waulizeni watu wa Luwero miaka iliyofuata ilikuwaje. Wapo wanaosema waliteseka kuliko wakati wa Amin.

Na huku nyumbani tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Wa umri wangu wanajua mikanda ile ilifungwa mpaka lini. Sabuni ya kufulia tulipanga foleni, sukari ilikuwa ya kugawiwa. Sijutii. Nasema tu anayetaka jeshi liende aanze na hesabu ile, sabuni na sukari zikiwemo.

Kwa hiyo kwa swali lako la kupeleka tena nakuuliza: tunakwenda kumtoa nani, na tukimtoa tunamwachia nani?

Upepo wa Bondeni, Nakuru

Naongeza upande wa Kenya, kwa sababu huwa mnautaja kwa kejeli humu na si haki.

Wanajeshi wetu wa KDF walitua Goma Novemba 2022, wa kwanza wa kikosi cha Afrika Mashariki kufika mjini humo. Kongo ilikuwa imejiunga na jumuiya miezi michache tu kabla. Burundi, Uganda na Sudan Kusini wakafuata. Nakumbuka jinsi watu wa Goma walivyotupokea, na nakumbuka jinsi miezi mitatu baadaye walivyokuwa barabarani wakitaka tuondoke. Nini kilitokea kati?

Kinshasa ilitegemea tushambulie M23. Viongozi wa Nairobi na Arusha walikielewa kikosi kama ukuta wa katikati: M23 wanarudi nyuma, sisi tunakaa walipotoka, mazungumzo yanaendelea. Kila upande ulikuwa umesoma karatasi ileile kwa macho yake. M23 wakaachia Kibumba, wakaachia kambi ya Rumangabo, lakini wengine walisogea kilima cha pili tu. Februari 2023 kule Bujumbura Rais Tshisekedi wa Kongo akamgombeza kamanda wetu, Jenerali Jeff Nyagah, mbele ya kamera. Aprili Nyagah akaondoka, akieleza kwamba usalama wake ulikuwa unatishiwa. Desemba kikosi chote kikafunga virago.

Sasa Mwanaziwa, wewe unalaumu woga wa kutaja jina. Mimi nalaumu kitu kingine kilichotangulia. Aliyetualika hakutaka tulichokuja kufanya, na sisi tulikubali mwaliko bila kuuliza. Ukiitwa kuamua ugomvi wa mume na mke, uliza kwanza kama umeitwa kuamua au kupiga.

Hakimu wa Kijiweni

Kuhusu uhalali, kwa kuwa uzi unauliza "ni haki", tusiache sheria nyuma. Sheria ya kimataifa inaacha milango michache: kujilinda, ruhusa ya Baraza la Usalama, na mwaliko wa serikali yenyewe. Mlango wa mwaliko ndio unaotumika sana Kongo, na una mtego.

Uganda ilipokuwa na majeshi Ituri baada ya 1998 ilidai kwamba ilialikwa na kwamba inajilinda dhidi ya waasi wake waliojificha huko. Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilitoa hukumu Desemba 19, 2005: mwaliko ulikuwa umekwisha, kujilinda hakukuthibitika, na Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri. Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Rwanda haikufika hatua hiyo kwa kuwa mahakama ilisema haina mamlaka juu yake katika kesi tofauti ambayo Kongo iliifungulia. Na Uganda imerudi tena tangu Novemba 30, 2021, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, kuwasaka ADF, waasi wenye asili ya Uganda.

Nauliza wanaosema "tumealikwa" wajue kwamba aliyekualika asubuhi anaweza kukufukuza jioni, na ukibaki baada ya hapo wewe ni mvamizi hata kama nia yako ni njema.

Kijana wa Minembwe

Nimesoma yote kwa utulivu. Nitaandika jambo ambalo halipendwi, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mimi ni Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini, Kongo. Nimekulia kambini, sitasema nchi gani. Babu yangu alizaliwa Kongo, baba yake naye huko huko, lakini nikifungua mdomo Uvira naambiwa nirudi kwetu Rwanda, nchi ambayo nimewahi kuiona kwa dirisha la basi tu. Agosti 13, 2004 watu wetu zaidi ya 150, wakimbizi, wengi wanawake na watoto, waliuawa Gatumba, Burundi, usiku mmoja wakiwa kwenye mahema ya Umoja wa Mataifa. Desemba 2021 ofisa wa jeshi la serikali, mtu wetu, aliyekuwa amevaa sare ya Kongo, alitolewa kwenye gari la jeshi na umati kule Lweba, Fizi, akauawa na kuchomwa. Kosa lake lilikuwa pua yake.

Siwatetei M23. Mauaji ya raia waliyofanya Kishishe na kwingine nayajua. Na najua kwamba Kigali inatumia mateso yetu kama tiketi. Rubaya ilipochukuliwa Aprili 2024 haikuchukuliwa kwa ajili ya bibi yangu, ilichukuliwa kwa sababu ya madini yake ya koltani. Lakini ninyi mnapozungumza kuhusu 2013 kama ushindi, kumbukeni ahadi ilikuwa na nusu mbili. Brigedi ile ilipewa kazi ya kuvunja makundi yote, FDLR wakiwemo, wale ambao mizizi yao ni waliotekeleza mauaji ya Rwanda ya 1994. Baada ya M23, FDLR walipewa miezi sita kuweka silaha chini. Muda ukaisha Januari 2, 2015. Nini kilifuata? Kinshasa ikateua majenerali wawili waliotuhumiwa kwa ukiukaji wa haki za binadamu, Umoja wa Mataifa ukaondoa msaada wake, operesheni ikafanywa nusunusu, FDLR wapo mpaka leo. Na baadaye jeshi la serikali likapigana bega kwa bega nao dhidi ya M23, hata hilo lipo kwenye ripoti zilezile za wataalamu mnazozinukuu.

Mwanaziwa, umesema SADC waliogopa kumtaja Rwanda. Sawa. Ni nani aliyetaja FDLR kwa sauti ileile? Ni nani aliyemwambia Tshisekedi kwamba nyimbo za chuki redioni lazima zikome kabla askari mmoja wa kigeni hajapanda ndege? Kikosi kikija kuisaidia serikali bila masharti, kwangu mimi hicho kimechagua nani ni raia na nani si raia.

Kyaka 78

Kijana, pole sana. Nimekusoma mpaka mwisho, na nimesoma mara mbili.

Mama wa Himbi, Goma

Bandugu, jambo kwenu. Nimeitwa na mtu hapo juu nami nimekuja. Kiswahili chetu cha Goma si kama chenu, mtanivumilia.

Nataka kwanza niwaambie namna ile siku ilikuwa. Siku tatu kabla, umeme ulikatika, maji nayo yakakatika kwa sababu pampu zinatumia umeme. Batu wakateremka ziwani na madumu, watoto wadogo pia, mabomu yanapita juu. Wakimbizi wa Kanyaruchinya na wa Mugunga walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani, wengine walikuwa wamekimbia mara ya nne, ya tano. Sisi tulilala chini ya kitanda na watoto wangu wawili na wa jirani wanne. Asubuhi ya tarehe 27 gereza la Munzenze lilifunguka. Yaliyowapata wanawake waliokuwa ndani sitayaandika hapa. Kisha kukawa kimya, na tukatoka tukaona maiti barabarani, za sare na zisizo za sare.

Tangu pale benki zilifunga. Uwanja wa ndege ukafunga. Mshahara ukiingia kwenye simu, kuutoa ni kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, unapanga foleni na kitambulisho mkononi. Mgonjwa wa kupelekwa Kinshasa, ambaye zamani alisafiri kwa ndege kwa muda wa saa mbili na nusu, leo anazunguka kupitia nchi mbili kabla hajafika.

Kuhusu hao askari wa nje. Mimi nimeona aina nyingi. Wale wa Umoja wa Mataifa wako hapa tangu binti yangu hajazaliwa, na sasa anasoma chuo. Julai 2022 batu walichoka, wakaingia barabarani kuwafukuza, na wengine walipigwa risasi wakafa. Wapo wanaosema ilikuwa hasira ya bure. Lakini mtu akiona gari jeupe likipita kila siku, na kijiji cha mama yake kikichomwa kila mwaka, atafanya hesabu yake.

Wa Tanzania wa 2013 nawakumbuka. Walizungumza Kiswahili na sisi sokoni, hiyo peke yake ilikuwa dawa. Tulipoambiwa wamekufa kwa ajili yetu, wanawake wa parokia yetu tulifanya misa. Kwa hiyo Mwanaziwa, mwambie mama yako kwamba ile kazi ya kwanza tuliiona.

Na wewe kijana wa Minembwe, nyimbo hizo mimi pia nimezisikia, nimezisikia na watu wa kanisani kwangu wakiziimba, na sikusema kitu. Nilikuwa na jirani Mtutsi miaka kumi na mbili. Alihama usiku 2023. Hakuniaga, kwa sababu hakujua kama mimi pia ni mmoja wa hao wanaoimba.

Mwanaziwa, Kigoma

Mama, nimemsomea mama yangu post yako kwa sauti. Ameomba nikuandikie asante, na kwamba na wao kanisani kwao walisali.

Nimekaa siku mbili kabla ya kujibu kwa sababu kijana wa Minembwe amenibana mahali ambapo sikuwa nimefikiri vizuri. Nilisema tatizo ni woga wa kumtaja Rwanda. Nakiri kwamba hilo lilikuwa nusu. Woga ule ule ndio uliotufanya tusimguse aliyetualika. Tulikwenda 2023 kama wageni wa Kinshasa, na mgeni hamwulizi mwenye nyumba kwa nini askari wake hawajalipwa, kwa nini anapigana pamoja na FDLR, kwa nini kijana wa Minembwe analala nchi ya watu. Kwa hiyo narekebisha: majina yote mawili yatajwe, kabla ndege haijaruka, mbele ya Bunge, na iandikwe askari wanakwenda kufanya nini na watajua vipi kwamba wamemaliza. Kyaka 78 ameuliza tunamwachia nani. Bila jibu la swali hilo, mimi nitapinga, hata mdogo wangu akiwa anataka kwenda. Na anataka, ndicho kitu cha ajabu. Anasema kuna wenzake hawajarudi kichwani mwake.

Ila sikubaliani na wanaosema kwa sababu hiyo tusiende kamwe. Huku kwetu Kigoma "hayatuhusu" halina maana. Nyarugusu ina wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Nimesoma na watoto waliozaliwa pale, nao wana watoto waliozaliwa pale. Desemba 4, 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington mbele ya dunia, na haijapita wiki M23 wakaingia Uvira. Uvira, wakuu! Mji tunaopeleka dagaa. Wateja wangu wawili walivukia Burundi na nguo walizovaa. Na M23 walipotangaza kuondoka Uvira siku chache baadaye, hakuna brigedi iliyowasukuma. Marekani ilikuwa imepandisha sauti. Kwa miaka mingi tunajua nini kinaweza kufanya kazi. Mwaka 2013 vilikwenda pamoja, bunduki na mkono wenye misaada. Mwaka 2024 tulipeleka bunduki peke yake, tena chache. Sasa kuna saini bila mtu wa kuzisimamia ardhini.

Mama wa Himbi, nina swali moja kwako, na usinionee aibu. Tukija tena, mtatupokea?

Upepo wa Bondeni, Nakuru

Hilo ndilo swali. Nami nasubiri jibu.

Mama wa Himbi, Goma

Nimechelewa kwa sababu ya mtandao.

Tutawapokea. Lakini mimi ningeomba mje kwa utaratibu huu. Kwanza mfungue uwanja wa ndege, dawa ziingie. Kisha barabara ya Sake na ya Rutshuru, mkae barabarani usiku, kwa sababu mchana kila mtu ni mzuri. Msikae kambini mkingoja ripoti. Na mkikuta askari wetu wenyewe wanatoza mama muuza makaa faranga kwenye kizuizi, mumzuie yeye pia, msiseme hilo ni jambo la ndani.

Na kabla hamjaja, mtu mmoja akae na yule kijana wa Minembwe na watu wa kanisani kwangu kwenye meza moja. Mimi niko tayari kukaa. Namba ya jirani yangu aliyehama ninayo bado. Kesho nitampigia.

Kijana wa Minembwe

Mpigie, mama. Na kama hatashika mara ya kwanza, piga tena.